Qt, wx, Swing au kivinjari? Kuchagua maktaba ya kiolesura kwa programu ya ramani, kwa mashine tulizonazo Goma

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi ya kartiye (mtaa) hapa Goma, mashariki mwa Kongo, inataka programu ya ramani ndani ya mashine yake: avenyi (barabara) zote na majina yake, robine (mabomba) za maji, mahali lava ilipopita mwaka 2002 na mwaka 2021, na mabonde yenye mazuku, yaani hewa hatari inayolala chini, upande wa kuelekea Sake. Shefu wa avenyi anafika na karatasi mkononi, karani anabofya mahali kwenye ramani, anaandika kwamba robine imekauka tangu Jumanne, anahifadhi. Intaneti leo ipo, kesho haipo, na umeme ni hivyo hivyo. Mashine ni laptopu ya mkono wa pili yenye RAM ya giga 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na Windows 10 ya Kifaransa.

Dirisha hilo moja nimelijenga mara nne kwa maktaba nne za kiolesura, yaani zile maktaba zinazokupa vitufe, menyu, visanduku vya kuandikia na ule uwanja mweupe wa kuchorea: Qt kupitia PySide6, wxWidgets kupitia wxPython (madaraja ya kuzitumia kwa lugha ya Python), Swing ya Java, na kivinjari kilichofungwa ndani ya Electron. GTK na Tk nilizigusa pia kwa muda mfupi. Niseme mapema nilikotua: Qt. Lakini wapo ambao nisingewashauri Qt hata kidogo, na sababu zao zimo humu.

Watu wengi wakilinganisha maktaba hizi huanza na uzuri wa vitufe. Kwa ramani hilo ni la mwisho. Programu ya ramani ni uwanja mmoja mkubwa wenye vitufe vichache pembeni. Kinachoiua au kuiokoa ni jinsi uwanja ule unavyochora mistari elfu kadhaa, unavyoburutwa na kipanya, unavyokuza na kupunguza, na unavyopokea namba za mahali bila kuziharibu. Kwa hiyo nimezilinganisha kwa majaribio hayo, moja baada ya jingine.

Kwanza: unahitaji kweli programu mpya?

Swali hili lingeniokolea miezi kadhaa. QGIS, programu kubwa ya ramani, ipo, ni ya bure, na yenyewe imejengwa juu ya Qt tangu Gary Sherman alipoianza mwaka 2002. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 inatumia Python 3, na unaweza kuiandikia programu-jalizi kwa Python: kitufe kimoja, fomu moja, tabaka moja la robine. Unapata bure mambo ambayo ukiyaandika mwenyewe yatakuzeesha: kubadili mifumo ya majira (namba za mahali), kupanga majina ya avenyi yasipandane, kuchapa ramani kwenye karatasi, kusoma na kuandika mafaili ya ramani ya GeoPackage.

Kwa nini basi nisiishie hapo? Kwa sababu karani wetu akifungua QGIS anaona vitufe vingi kuliko herufi za barua yake. Unaweza kuvificha, kuna mahali maalumu pa kufanya hivyo ndani ya mipangilio, na kwa ofisi yenye mtu aliyesoma jiografia ningefanya hivyo bila kusita. Tena faili lake la usakinishaji kwa Windows linapita giga 1, na mashine ile ya giga 4 inaonyesha uchovu matabaka yanapoongezeka. Lakini mtu anayeandika programu-jalizi ya QGIS anajifunza Qt hiyo hiyo. Akija kujenga programu yake mwenyewe baadaye, hakuna alichopoteza, na ni mojawapo ya sababu zilizonivuta upande huo.

Wagombea na ukoo wao

Ukitaka kujua maktaba inaweza nini, tazama ramani gani zimekwisha kujengwa juu yake.

Qt ilianzia Norway, ikatolewa kwa watu mwaka 1995. Imeandikwa kwa C++. Juu yake kuna QGIS, kuna Marble ya watu wa KDE, kuna Merkaartor ya kuhariri OpenStreetMap (ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), na kuna QField inayokwenda kwenye simu. wxWidgets aliianza Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992. Juu yake kuna SAGA, kuna OpenCPN ya mabaharia, na sura ya GRASS GIS imeandikwa kwa wxPython. GRASS yenyewe ni mzee, ilianza mwaka 1982 katika maabara ya jeshi la Marekani, na hadi ilipofika toleo la 7 mwaka 2015 sura yake ya zamani ya Tcl/Tk ilikuwa imeondolewa. Swing ya Java imezaa JOSM, ambayo wachoraji wengi wa OpenStreetMap wanaijua kwa vidole, pamoja na gvSIG ya Valencia na OpenJUMP. Upande wa kivinjari kuna Leaflet ya Volodymyr Agafonkin tangu 2011, OpenLayers iliyoitangulia, na MapLibre iliyozaliwa mwisho wa 2020 baada ya Mapbox kubadilisha leseni yake.

GTK ni nzuri kwa anayeishi ndani ya Linux. GNOME Maps inaitumia, na uchoraji wake wa Cairo una mistari safi sana. Kuipeleka kwenye Windows, hata hivyo, ni safari yenye vituo vingi, na ofisi zetu ni za Windows. Nikaiacha.

Jaribio la kuburuta

Mtu akishika ramani na kuivuta, ramani ifuate mkono. Ikichelewa, karani anavuta tena, halafu mara ya tatu, kisha ramani inaruka na kutua ziwani, naye anasema mashine imeharibika.

Qt hapa iliniteka moyo. Ina kitu kinaitwa QGraphicsView: unaipa vitu vyako, yaani mistari, maumbo na nukta, yenyewe inavipanga katika faharasa ya mahali na kuchora vile tu vinavyoonekana. Kuburuta na kukuza ni mistari michache ya msimbo. Nikibofya robine, inaniambia ni robine ipi, sina haja ya kupima umbali mwenyewe.

Kuna mtego mmoja niliouingia na ninauonyesha ili usiuingie. Nilichora avenyi kwa kalamu ya upana wa 2, na vipimo vyangu vilikuwa mita. Nilipokuza ramani kwenye Birere, ambako vijia vimebanana, kila kijia kilinenepa hadi nyumba zikamezwa. Kalamu ilikuwa ya mita 2 ardhini, si ya doti 2 kwenye kioo. Dawa ni neno moja, setCosmetic, nalo linaiambia kalamu ibaki na upana wake wa kioo hata ramani ikikuzwa. Kwa alama za robine dawa ni bendera iitwayo ItemIgnoresTransformations: alama inabaki kubwa vilevile, mahali pake tu ndipo panasogea. Maneno haya mawili yalinifanya nielewe kwamba waliojenga Qt walikuwa wamewaza watu wenye kazi kama yetu.

Katika wx hakuna kitu kamili kama hicho. Kuna FloatCanvas, inasaidia, lakini mara nyingi utajichorea mwenyewe. Ukisahau kuweka uchoraji wa akiba, ule wa kuchora kwanza pembeni kisha kuonyesha picha nzima kwa mara moja, ramani inapepesa kama balbu ya umeme mdogo. Ukiweka AutoBufferedPaintDC na ukaizuia isifute mandharinyuma, inatulia. Nilipofanya hivyo, na nikaifanya isogeze picha iliyokwisha kuchorwa badala ya kuchora upya kila mguso, wx kwenye mashine ile nzee ilinifaa kabisa. Kazi tu ni kwamba yote hayo unayaandika wewe.

Swing iko katikati. Java2D ni imara, JOSM ni ushahidi ulio hai, na kipande cha ramani cha JOSM kiitwacho JMapViewer kinaweza kuchukuliwa peke yake na kuwekwa ndani ya programu yako. Moduli ya Swing ndani ya GeoTools inakupa dirisha la ramani lililo tayari kwa mistari michache. Mashine yetu ilihitaji kupewa kikomo cha kumbukumbu kwa mkono, vinginevyo Java ilijinyoosha hadi Windows ikaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikianza kulia hivyo, kaa unywe chai.

Kivinjari ni hadithi mbili. Leaflet ni nyepesi mno, makumi machache tu ya kilobaiti, na kuburuta kwake ni laini. Inaanza kuchoka ukiitupia maumbo maelfu kwa maelfu, kwa sababu kwa kawaida kila umbo ni kipande cha SVG. Unaweza kuiambia itumie canvas badala yake, nayo inapumua. MapLibre inachora kwa kadi ya picha na kwenye mashine mpya inapendeza macho. Kwenye laptopu ya mkono wa pili yenye kadi ya zamani, WebGL, njia ya kivinjari kutumia kadi hiyo, wakati mwingine haipo au inatembea kwa magongo. Jaribu kwenye mashine ya ofisi yenyewe, si kwenye yako.

Tk inafaa kwa kazi ndogo: inakuja pamoja na Python, na uwanja wake wa Canvas unakumbuka vitu. Lakini haijui uwazi wa rangi.

Jaribio la lava

Uwazi wa rangi si pambo. Kwa Goma ni nusu ya ramani. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilishuka kutoka volkano ya Nyiragongo, ikapita katikati ya mji na kufika ziwani. Juu ya lava hiyo watu wamejenga upya, avenyi zimerudi. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama huko Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Karani anatakiwa kuona lava kama kivuli na avenyi ya leo chini yake kwa pamoja. Rangi nzito inafunika kila kitu, na mstari wa mpaka peke yake haumwambii mtu yuko ndani au nje.

Qt, Swing, GTK na kivinjari zote zinafanya hili kwa namba moja ya nyongeza kwenye rangi. Katika wx ujihadhari: njia ya kawaida ya kuchora, wx.DC, haiheshimu uwazi kwenye Windows, lazima upitie GraphicsContext. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye data yangu ilhali kosa lilikuwa hapo. Hapo ndipo Tk ilipotolewa mlangoni. Inaweza kuchora vidoti-vidoti badala ya kivuli, na vidoti hivyo juu ya avenyi nyembamba vinafanya mtu aumwe macho.

Kuna jambo la ndani zaidi kuhusu wx na namba kubwa. Tukitumia UTM, mfumo wa majira unaopima kwa mita, Goma iko katika ukanda wa 35 Kusini, pamoja na Bukavu na Lubumbashi, na namba ya kaskazini ya mji wetu ni kama mita 9,814,000. GraphicsContext kwenye Windows kwa kawaida hupitia GDI+, maktaba ya kuchora ya Windows, na GDI+ inahifadhi namba kwa biti 32, ambazo kwa ukubwa huo haziwezi kutofautisha vipande vya mita moja. Nukta zangu zilikuwa zinarukaruka nikikuza sana, robine mbili zilizo jirani zikakaa mahali pamoja. Ondoa kwanza asili: chagua pembe moja ya mji, toa namba zake kwenye kila nukta, kisha chora. Tangu hapo ninafanya hivyo katika maktaba zote, hata zisizonidai.

Nukta na mkato

Hili ningeliweka la kwanza kama ningelijua, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko mtu wa London.

Windows ya Kifaransa inaandika desimali kwa mkato. Karani anaandika mahali pa robine kama -1,6792 na 29,2228, kwa kuwa ndivyo shule ilivyomfundisha na ndivyo mashine yake inavyomwonyesha. Faili la CSV lililotoka kwenye simu lina -1.6792. Programu inasoma lipi?

Katika Swing, Double.parseDouble daima inataka nukta, lakini String.format inaandika kwa mkato kama mashine ni ya Kifaransa. Kwa hiyo programu inahifadhi faili ambalo yenyewe haiwezi kulisoma kesho yake. Python ikipewa "1,68" inakataa kwa sauti, jambo jema. Upande wa lugha ya C na GTK ni hatari kimyakimya: GTK ikianza inachukua lugha ya mashine, na baada ya hapo kazi ya zamani ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba ikikutana na "1.6792" inasoma 1 na kuacha iliyobaki. Haisemi kitu. Robine ya kartiye ya Majengo inahama karibu kilomita 75 upande wa kaskazini. Kwenye Linux, Qt nayo inaweka lugha ya mashine kwa C, kwa hiyo maktaba yoyote ya C unayoiita chini yake inaweza kukuchezea vivyo hivyo.

Qt lakini inakupa silaha iliyo safi, QLocale. Kwenye visanduku vya kuandikia nimeacha lugha ya Kifaransa ili karani aandike anavyojua. Kwenye mafaili nimeweka mpangilio wa lugha uitwao "C" ili yawe na nukta daima. Mipaka hiyo miwili iko wazi ndani ya msimbo, mtu mwingine akiusoma anaelewa. Katika wx nililazimika kuandika kisanduku changu kinachobadilisha mkato kuwa nukta kabla ya kusoma. Katika JavaScript namba zenyewe ni za nukta siku zote, shida inakuja tu pale unapozionyesha.

Ukijaribu maktaba yoyote hapa kwetu, weka mashine katika Kifaransa, andika mahali pa robine moja, funga programu, ifungue tena, uangalie kama robine imebaki Goma.

Majina ya avenyi

Hapa Qt inashindwa, na ni haki kusema. Qt, wx na Swing zinajua kuandika maneno. Hazijui kupanga majina mia tatu yafuate mikunjo ya avenyi bila kupandana. Hiyo ni kazi ngumu, na QGIS inaifanya kwa sababu ina injini yake yenyewe ya majina. MapLibre inaifanya pia: unaiambia jina lifuate mstari, inapanga, inaficha yanayogongana, na ukikuza yanajitokeza. Nilipoiona mara ya kwanza ikionyesha majina ya Katindo na Himbi bila mimi kuandika hesabu yoyote, nilikaribia kuacha Qt.

Kilichonizuia ni uzito. Electron inabeba Chromium nzima ndani ya kila programu. Folda inapita mega 100 kwa urahisi kabla hujaweka ramani, na ikifunguka inakula kumbukumbu kama kivinjari chenye kurasa kadhaa wazi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Karani naye ana kivinjari chake na barua zake wazi pembeni. Kwa mashine za giga 8 ningeichagua kwa moyo mweupe, hasa kama kikundi chenu tayari kinajua JavaScript. Tauri inapunguza uzito wa folda kwa kutumia kivinjari kilichomo ndani ya Windows, lakini kumbukumbu bado italiwa.

Kwa Qt nimeishia na njia ya kati: majina yanatokea tu ukikuza vya kutosha, yanaandikwa yamelala bila kufuata mikunjo, na yakigongana la avenyi ndefu ndilo linabaki. Si mazuri kama ya MapLibre. Yanasomeka.

Ramani bila intaneti

Maktaba zote nne zinaweza kufanya kazi bila intaneti, mradi vigae vya ramani, yaani vile vipande vidogo vya mraba vinavyounganishwa kuwa ramani, viwe ndani ya mashine. Usiende kuvivuna kwa wingi kutoka seva ya OpenStreetMap, sheria zao zinakataza na wana haki. Seva ile inaendeshwa kwa michango. Hesabu yenyewe pia inatisha: kila daraja la ukuzaji lina vigae mara nne ya lililotangulia, kwa hiyo dunia yote kwenye daraja la 16 ni vigae zaidi ya bilioni 4. Chukua data ghafi ya mkoa, itengenezee vigae vyako vya mji wa Goma peke yake, viweke katika faili moja la MBTiles. Faili hilo ni SQLite ya kawaida, na Python inaisoma bila kusakinisha kitu. Kwa Electron utahitaji kipande kidogo kinachovigawa ndani kwa ndani.

Vigae hivyo viko katika Mercator ya wavuti, namna ya kutandaza dunia inayonyoosha umbali kadiri unavyoiacha ikweta. Sisi wa Goma tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta, kosa la kupima umbali moja kwa moja juu yake ni chini ya asilimia 1. Ndugu zetu wa Lubumbashi, kwenye digrii 11 na nusu na zaidi kusini, wanapata kosa la asilimia 2 na kupita. Kama programu yako itapima viwanja vya ardhi, pima katika UTM, usipime kwenye vigae.

Kuifikisha ofisini

Programu inafika kwa flashi. Hapo kila mega ina uzito wake, na diski ya kuzunguka ina usemi wake.

wx inashinda wazi. Ukiifunga na PyInstaller unapata folda ndogo. Qt ni kubwa, lakini inapungua sana ukisakinisha PySide6_Essentials peke yake na kuacha nyongeza, hasa WebEngine, ambayo ni Chromium nyingine iliyojificha. Katika zote mbili chagua folda, usichague faili moja: faili moja hujifungua upya mahali pa muda kila ikiwashwa, na karani anabofya mara tatu akidhani haijasikia, halafu madirisha matatu yanatokea. Swing ina jar moja nzuri, na jpackage inakufungia Java humo humo ili usimwombe mtu wa ofisi asakinishe kitu.

Toleo la Windows linaweza kuamua mambo yote peke yake. Qt 6 inataka Windows 10 au zaidi. Electron iliacha Windows 7 baada ya toleo la 22. Python yenyewe iliishia 3.8 kwa Windows 7. Kama ofisi unayoihudumia bado ina Windows 7, na zipo, Swing na Java 8 ndiyo njia iliyonyooka, au wxPython ya zamani juu ya Python 3.8. Microsoft imefunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali hili litarudi, na mashine hizi hazitabadilishwa kwa sababu ya tarehe ya mtu mwingine. Linux juu ya laptopu zile zile ni jibu ninaloliheshimu, na Qt, wx na Swing zote zinavuka bila kuandikwa upya.

Leseni, kwa kifupi

PyQt, daraja jingine la Python kwenda Qt, ni GPL (leseni inayokudai utoe msimbo wako) au ulipe. PySide6 ni LGPL, ambayo ni legevu zaidi. Msimbo wa moja unafanana sana na wa nyingine, ila kama unafikiri kuuza programu siku moja bila kutoa msimbo wake, anza na PySide6. Programu-jalizi ya QGIS inafuata GPL. wx ina leseni laini inayoruhusu kuuza. Leaflet na MapLibre hazikubani.

Nani ashike usukani baadaye

Vijana wengi niliofanya nao kazi hapa wamesoma Java darasani. Python wamejifunza wenyewe usiku, kwa mega walizonunua kwa mia mia. Kama kikundi chako ni cha Java, jenga kwa Swing, usione haya kwamba ni ya zamani: bado imo ndani ya JDK, kifurushi cha Java chenyewe, ilhali JavaFX ilitolewa humo katika toleo la 11 mwaka 2018. Ramani inayoweza kurekebishwa na mtu aliyepo Goma inanifaa kuliko ile nzuri ambayo mwenye kuijua amekwenda Kampala.

Kwa simu sikuandika programu mpya kabisa. Wanaotembea kwenye avenyi wanatumia QField, nayo inasoma mradi wa QGIS na GeoPackage ile ile. Jioni simu inaunganishwa kwa waya, faili linanakiliwa, na dirisha langu la Qt linalisoma. Kwa mazuku tumeweka kanuni moja ndani ya fomu: tarehe na saa ni lazima. Hewa ile ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni alfajiri na huweza kutawanyika jua na upepo vikija. Nukta ya mazuku isiyo na saa inamdanganya mama anayepita hapo na bidoni zake saa kumi na mbili asubuhi. Katika Qt hiyo ni fomu inayokataa kufungwa kisanduku cha saa kikiwa kitupu, mistari minne ya msimbo. Hiyo mistari minne ndiyo niliyoijaribu mara nyingi kuliko mingine yote.